Pointi za Kunawisha

Ripoti ilimfikia Tunu Shekimweri Jumanne saa tatu asubuhi, na neno la kwanza lililomgonga machoni lilikuwa "kizima".

Akalisoma tena, polepole. Kidhibiti cha moyo cha marehemu Mwalimu Semboja, kilichotolewa kifuani mwake siku aliyofariki, kimechunguzwa na mafundi kwa wiki sita, nacho ni kizima. Hakikukwama, hakikuchelewa, hakikuishiwa nguvu. Kilifanya kila kilichoagizwa kufanya, mpaka dakika ile moyo wa mwenyewe uliposimama.

Tunu akatua kikombe mezani kwa haraka, chai ikamwagikia karatasi za ratiba. Kwa wiki sita Klabu ya Nyuzi nzima ilikuwa imepata pa kumalizia hasira. Msibani watu walikitukana kidhibiti kile kwa majina ya kutisha, mpaka mchungaji akaomba wapunguze sauti. Sasa karatasi inasema kifaa hakina kosa. Kama ni hivyo, kosa la nani?

Chini ya ripoti palikuwa na mstari mmoja mfupi. Dari ya mapigo siku ya tukio: mia moja sitini na nane. Chanzo cha dari: Mizani.

Mizani Tunu aliijua kuliko alivyojua jikoni kwake. Yeye ndiye katibu wa klabu, na kila mechi ya skwoshi iliyochezwa katika vile viwanja viwili vya zamani, vilivyojengwa na mameneja wa shamba la mkonge kabla bibi yake hajazaliwa, aliituma huko yeye. Mameneja walikwenda zao, mkonge siku hizi unavunwa na mitambo inayojiendesha yenyewe, lakini viwanja vilibaki, na watu wa pale Muheza waliupenda mchezo ule kwa namna ambayo wageni hawakuielewa. Kugonga kimpira kidogo ukutani ndani ya chumba kama tangi la maji, na jua lote lile nje! Basi ndivyo walivyopenda.

Mizani ni mfumo unaompa kila mchezaji nambari ya uwezo wake, na hesabu yake haikuwa ngumu. Kabla ya mechi, Mizani hutazama nambari za wachezaji wawili na kukisia matokeo. Baada ya mechi hulinganisha. Haiishii kuuliza nani kashinda, bali huhesabu pointi moja moja. Ukitarajiwa kufungwa kumi na moja kwa tatu, ukafungwa kumi na moja kwa tisa, unapanda, ijapokuwa umefungwa. Kwa sababu hiyo madaktari waliipenda. Waligundua kwamba hakuna mashine ya hospitali inayousema ukweli wa mwili kama mechi dhidi ya mtu anayetaka kukushinda. Wakavifundisha vidhibiti kuiuliza Mizani kila alfajiri: huyu leo anaweza kupambana na nani? Nambari ikipanda, dari nayo inapanda, na moyo unaruhusiwa kukimbia zaidi.

Tunu akafungua mechi za Mwalimu Semboja za mwaka wa mwisho. Alitaka kujua mzee wa miaka sabini na mitatu alipewaje dari ya kijana.

Chambo dhidi ya Semboja: kumi na moja kwa nne, kumi na moja kwa tatu, tisa kwa kumi na moja, kumi na moja kwa tano. Dafroza dhidi ya Semboja: ya tatu, tisa kwa kumi na moja. Mgeni kutoka Lushoto: ya tatu, nane kwa kumi na moja. Gemu ya tatu, ya tatu, ya tatu. Akateremka na kidole mpaka akakuta jina lake mwenyewe. Tunu Shekimweri, mara kumi na nne. Gemu ya tatu, mara kumi na nne.

Zote zilikuwa gemu za kunawisha.

Hakuna aliyejua nani aliianzisha desturi ile. Mzee akikaribia chakula, mdogo huchukua birika na beseni akamnawisha. Humuulizi kama mikono yake michafu, unamwagia tu maji. Na pale klabuni, ukicheza na mzee, gemu ya tatu ni ya kumnawisha. Unapiga mpira katikati, unachelewa hatua moja, unaugonga kwenye bati la chini ya ukuta, ambako ni kosa, kwa bahati mbaya ya makusudi, naye anatoka uwanjani kichwa juu. Wageni walinong'onezwa mlangoni kabla hawajaingia. Wakati wa soda watu waliulizana, "Leo umemnawisha ngapi?" wakacheka. Tunu aliiona ni heshima, na alijivunia kuwa klabu yake ina watu waliolelewa.

Mizani haikunong'onezwa. Ilichukua maji ya kunawa ikayahesabu kuwa nguvu za mwili.

"Tumemuua," Tunu alisema kwa sauti, peke yake ofisini. Akaziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba aliyesema ni mtu mwingine.

Hapo ndipo aliposikia mpira. Pa, pa, pa, ukutani, kwa mpangilio alioujua tangu akiwa na miaka tisa. Mzee Athumani Hoza alikuwa uwanja wa kwanza anajifua. Mzee Hoza, fundi mstaafu wa mashine za kusokota kamba, aliyemshikisha Tunu raketi ya kwanza. Ana miaka sitini na minane, na chini ya mtulinga wake kimepachikwa kidhibiti cha aina ile ile. Tunu akaitafuta nambari yake. Ilikuwa imepanda tena jana. Dari: mia moja sitini na nne.

*

"Mshushe, daktari. Leo hii. Nakuomba."

Upande wa pili wa simu Daktari Mkufya, anayewatazama wagonjwa wote wa vidhibiti wa wilaya, alishusha pumzi. "Dada Tunu, nikishusha leo kwa mkono wangu, kesho alfajiri kidhibiti kitauliza Mizani, kitaambiwa nambari ile ile, kitarudi pale pale."

"Basi na Mizani irekebishwe!"

"Na nani? Hakuna mkono wa mtu unaoingia mle. Zamani uliingia, watu wakapandishana kwa undugu na urafiki, ikabidi pafungwe. Mizani inasikiliza kitu kimoja tu, matokeo ya uwanjani."

"Kwa hiyo akifungwa kweli kweli..."

"Atashuka. Lakini sikiliza vizuri. Mtu mwenye rekodi ndefu kama yake, ukimfunga ghafla kumi na moja kwa sifuri, Mizani itadhani kaamka na homa. Itamshusha kidogo na kusubiri. Ikiiona ya pili, ikaiona ya tatu, tena kwa wachezaji tofauti, ndipo inaamini na kumteremsha sawasawa. Au mwambie aache kucheza. Mimi nimemwambia mara mbili, na mara zote mbili kanionyesha nambari."

Tunu alitoka akaenda uwanjani na ukweli wote umemjaa kinywani. Mzee Hoza alikuwa amekaa kwenye benchi akifuta jasho, fulana imemganda mgongoni, anatabasamu peke yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeiona? Imepanda tena!" Akainua mkono wenye bangili ya kidhibiti. Taa yake ndogo ilikuwa ya kijani. "Jumamosi nakwenda Arusha kwenye mashindano ya wazee. Wale waliozoea kunicheka watanitambua."

"Mzee, mimi nilikuwa nafikiri... Arusha ungeiacha kwanza. Upumzike. Tangu msiba wa Mwalimu..."

"Mwalimu alikufa akinifunga!" Mzee Hoza alisema, na macho yake yakang'aa. Hadithi hii aliisimulia kila wiki. "Gemu ya tatu, tisa kwa mbili, yeye mbele. Aliniacha nimesimama kama nguzo. Kifo gani kizuri kama kile? Kifo cha bingwa."

"Lakini kama nambari zenyewe zina kasoro?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, watu ndio wenye kasoro. Nilipofiwa na mke wangu, mama yako Mwanahawa, kila mtu alinambia unaendelea vizuri mzee, umenawiri mzee. Waongo wote. Mtu nimebaki mifupa! Lakini Mizani haijui shikamoo. Haina mjomba wala shemeji. Ikisema nimepanda, nimepanda. Ndiyo inayoniamsha kitandani asubuhi."

Tunu akaitazama ile taa ya kijani. Aseme nini? Kwamba ile asubuhi yake tumeitengeneza sisi? Kwamba kwa miaka minne hajashinda hata gemu moja? Akimwambia atamvunja, asipomwambia atamzika. Alisimama pale akimtazama mzee akifunga kamba za viatu, akajichukia.

*

Chambo ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa klabu, kijana wa miraba minne, fundi wa mitambo ya shamba. Alipomaliza kuisoma ripoti aliyoletewa na Tunu alikaa chini kwenye tairi, akaisoma tena, na alipoinua uso ulikuwa umepauka.

"Mimi nilimnawisha Mwalimu wiki ile ile," alisema. "Alhamisi. Mungu wangu. Na siku hizi namnawisha Mzee Hoza mpaka gemu mbili."

"Wewe ndiye utakayeanza, basi. Kesho. Mfunge kikweli."

"Sifuri?"

"Sifuri. Mpira mfupi mfupi, usimkimbize."

Chambo akatikisa kichwa. "Dada Tunu, mimi yule mzee ndiye aliyekwenda kuniposea. Baba yangu alikataa kuja, akaenda yeye, akavaa kanzu, akasema huyu ni mwanangu. Leo nimvue nguo mbele za watu? Siwezi. Nitume kitu kingine chochote."

"Unangoja ubebe jeneza lake?"

Chambo akainama. Alikuwa akilia, mwanaume mzima, na spana mkononi.

"Haya," Tunu alisema. "Nitaanza mimi."

*

Jumatano saa kumi alasiri roshani ya uwanja wa kwanza ilijaa. Jumatano ilikuwa siku ya mechi za klabu, na watu walikuja na karanga zao, na maneno yao ya kuchokoza. Ukutani, juu ya kiti cha mhesabu pointi, picha ya Mwalimu Semboja ilining'inia na utepe mweusi. Dafroza, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa kitini, kwani alikuwa amefungwa mechi iliyotangulia, na pale aliyefungwa ndiye anayehesabu mechi inayofuata. Sheria hiyo haikumwacha mtu.

Tunu na Mzee Hoza waliupasha mpira moto, wakagongeana, wakapeana mikono.

"Usinionee huruma," mzee alisema, akikonyeza.

Alisema hivyo kila mara. Safari hii Tunu alinuia kumtii.

Mpira wa kwanza aliutua mbele, kwenye kona ya kushoto, juu kidogo tu ya bati. Ukafa pale pale. Wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Hakumpa nafasi ya kukimbia, hakumpa nafasi ya kuanza hata. Watu walicheka mwanzoni, wakidhani Tunu kaamka vibaya. Kumi na moja kwa sifuri, dakika nne.

"Umekula nini leo?" mzee alisema, akichukua maji. Alikuwa bado anatabasamu.

Gemu ya pili kicheko kilikatika kwenye saba. Kwenye tisa mtu mmoja roshani alisema kwa sauti ya kunong'ona, "Mbona hivi?" Mzee Hoza alianza kuivamia mipira isiyofikika, akijitupa, akigonga ukuta kwa bega. Pumzi yake ilikuwa inakwaruza. Tunu akatupa jicho kwenye bangili. Taa ilikuwa ya kijani. Uso wa mzee ulikuwa umegeuka majivu, midomo imekauka, na taa ile ilikuwa inasema endelea mzee, nafasi bado ipo. Tunu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akaharakisha. Kumi na moja kwa sifuri.

Walipumzika dakika mbili, na mzee hakumtazama.

Gemu ya tatu ilipoanza, roshani nzima ilishusha pumzi. Hii ndiyo yenyewe. Sasa birika litakuja. Tunu akatua mpira kwenye kona. Moja. Mbili. Tatu. Ilipofika sita, Dafroza alisita kuita, mpaka Tunu akamgeukia: "Hesabu, dada." Akahesabu. Mama mmoja mtu mzima alisimama akasema, "Aibu!" akaondoka na karanga zake. Saba. Nane. Machozi yalimzuia Tunu kuuona mpira vizuri, akaupiga kwa mazoea tu.

Kwenye kumi kwa sifuri Mzee Hoza aliacha kujitupa. Akasimama katikati, akangoja, na mpira ulipomjia akaupokea kwa mkono laini kabisa, akauteleza ukutani mpaka kona ya kulia. Tunu aliufuata kwa nguvu zote. Aliutaka kweli, akanyoosha mkono wote, raketi ikapiga hewa.

Alibaki amepiga magoti, ameduwaa. Ile pointi hakumpa mtu. Mzee alikuwa ameichukua mwenyewe.

"Kumi kwa moja," Dafroza aliita.

Pointi iliyofuata ikawa ya mwisho. Kumi na moja kwa moja. Mzee Hoza akatoka uwanjani bila kumpa mkono.

Hakuna aliyepiga makofi. Hatua zake zilisikika ngazini, moja moja, akipumzika kila ngazi ya tatu. Alikuwa amefungwa, na aliyefungwa ndiye anayehesabu, kwa hiyo akaenda kwenye kiti, Dafroza akampisha, akakaa chini ya picha ya rafiki yake na kuchukua penseli. Juu ya mlango kioo cha Mizani kikawaka: Hoza, Athumani. Ameshuka nambari kumi na mbili. Matokeo si ya kawaida, yanasubiri uthibitisho. Dari: mia moja sitini na tatu.

Pigo moja. Kwa aibu yote ile, pigo moja tu la moyo!

"Tunu," mzee aliita kutoka juu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ule mpira kabla ya wa mwisho. Uliniachia?"

"Hapana, mzee."

"Uliutaka?"

"Niliutaka kweli."

Akainamisha kichwa. "Basi mingine yote, miaka yote hii, ilikuwa tofauti. Naijua sasa. Mkono wako leo nimeuona kwa mara ya kwanza." Akainua uso. "Kwa nini leo?"

Tunu akamwambia, mbele ya wote, akiwa amesimama chini na raketi mkononi. Kidhibiti kizima, dari, alfajiri, Mizani. Kwamba moyo wake unaruhusiwa mbio zisizo zake. Kwamba Mizani inahitaji mechi nyingine, kwa watu wengine, kabla ya Jumamosi, na Arusha asiende. Wengi roshani walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza, na wengine walikuwa wamejishika vichwa.

Mzee Hoza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Aliyewahi kuniachia pointi, anyooshe mkono."

Watu wakatazama viatu vyao.

"Nimeuliza."

Chambo akanyoosha wa kwanza, ameinamia sakafu. Dafroza akanyoosha. Halafu safu ya nyuma, halafu ya mbele. Mwisho ilikuwa mikono tu hewani, roshani nzima, na Tunu chini akiwa na wake. Mzee aliipitia mmoja mmoja kwa macho. Midomo ilimcheza, na kwa kitambo kirefu Tunu alidhani ameshamvunja.

Lakini mzee akavuta karatasi ya ratiba, akaandika, akasoma kwa sauti alichoandika. "Kesho saa kumi, Chambo. Kesho kutwa, Dafroza. Arusha nafuta. Na atakayeninawisha, nisimuone mazishini kwangu."

"Sawa, baba," Chambo alisema. Sauti haikutoka vizuri.

Watu walianza kushusha mikono. Tunu alishusha wake, akavuta pumzi ya kwanza nzima tangu Jumanne. Ndipo alipoona kwamba mkono mmoja ulikuwa unapanda.

Ulikuwa wa mzee mwenyewe. Alikuwa ameinua penseli na kiganja chote, taratibu, na hakuwa anamtazama mtu yeyote. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, akiielekea picha ya Mwalimu Semboja ukutani.

"Alikuwa ananizidi miaka mitano," alisema. "Gemu ya tatu. Ningekosaje adabu?"

Akaishusha penseli.

"Zile tisa alizonifunga siku ile," Mzee Hoza alisema. "Nilimpa zote mimi."